Breki na Unyayo wa Dereva (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulifuata mafuta ya breki kutoka masta silinda hadi magurudumuni. Leo tuje kwenye pedali, maana ndiyo inayompa dereva habari za mfumo mzima, na wengi wetu hatuisikilizi mpaka gari ikaribie kuingia migombani mwa watu.

Pedali nzima hushuka kidogo, kisha hukaza. Ikibonyea kama godoro, mna upepo ndani. Mafuta hayabanwi ila hewa hubanwa, kwa hiyo nguvu ya mguu huishia kwenye mapovu kabla ya kufika kwenye padi. Ukipampu ikapanda, usifurahi. Umeahirisha tu safari ya kwa fundi. Ikizama polepole na mguu umetulia, mafuta yanavuja, au mipira ya ndani ya masta silinda imechoka. Ikiwa ngumu kupita kiasi, mshuku busta, ambayo kwenye gari nyingi hutegemea mvuto wa hewa utokao kwenye injini. Wanaozima injini mteremkoni ili kuokoa petroli wanaitupa nguvu hiyo: baada ya kukanyaga mara chache, hubaki na nguvu za mguu wao tu.

Hapa Pemba kuna adui mwengine. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na kisiwa chetu hakina upungufu wa unyevu. DOT 3 mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishaingiwa na maji kiasi cha asilimia 3.7, kipimo chake ni 140 tu. Sasa ichukue njia ya zamani ya Chake Chake hadi Wete, kilima hiki unapanda, kile unashuka, na dereva hauondoi mguu kwenye breki. Joto hupanda, mafuta huchemka, mvuke huwa upepo, na pedali iliyokuwa nzima asubuhi hugusa sakafu. Shuka na gia ndogo. Mafuta nayo yabadilishwe, kila miaka miwili hivi. Sisi tumezoea kuyaongeza tu.

Ama ulaini wa kusimama, mtihani wake ni daladala zetu za mabenchi marefu, abiria wanatazamana. Breki ya ghafla huwasukuma wote kuelekea mbele, na wa mwisho hulaliwa na benchi zima. Anza kwa kugusa, uzito wa gari uhamie magurudumu ya mbele, kisha ongeza. Hilo madereva wengi wanalijua. Wanalolisahau ni kulegeza mguu kidogo kabla gari haijasimama kabisa: usipolegeza, springi za mbele zilizobonyea hurudi kwa kishindo na vichwa vyote vikatikisika.

Ulaini huo unahitaji nafasi. Gari ya mwendo wa 60 ina nishati mara nne ya ile ya 30, si mara mbili. Msimu wa karafuu, majamvi yameanikwa kandokando ya lami na watoto wanageuza makonyo, anayeanza kufunga breki baada ya kona keshachelewa. Ikimlazimu kukanyaga kwa nguvu zote na gari ina ABS, pedali itatetema na kunguruma chini ya mguu. Asiuondoe. Hapo mfumo unafanya kazi yake, naye akamate usukani akwepe.

Wiki ijayo tutaingia kwenye breki ya mkono.