Nani Amekataa Kuchaji?

Laptopu inawaka vizuri ikiwa kwenye umeme. Ukichomoa waya inazimika papo hapo, au inakwenda mpaka asilimia ziishe na haizirudishi tena. Pembeni ya kioo kuna alama ya plagi, na ukiigusa unaambiwa umeme upo ila betri haichaji. Kazi hii inaletwa sana kwa mafundi, na inaharibiwa sana pia, kwa sababu kila mtu anakuja na jibu lake mkononi. Mwenye mali anasema betri imekufa. Muuza duka anasema chaja ni feki. Fundi mwenye haraka anawasha blowa na kung'oa aisii ya kuchaji kabla hata ya kushika mita.

Mimi huanzia kwingine. Bodi inayoweza kuendesha prosesa, kioo na diski kwa umeme wa chaja ni nzima kwa sehemu yake kubwa. Tatizo limebaki katika eneo dogo kati ya tundu la chaja na kiunganishi cha betri, na ndani ya eneo hilo mara nyingi hakuna kilichokufa. Kuna aliyekataa. Kazi ya fundi ni kumjua ni nani, na kwa sababu gani.

Wahusika ni wanne. Wa kwanza ni chaja yenyewe, ile ya ukutani. Wa pili ni aisii ya kuchaji iliyo kwenye bodi. Wa tatu ni chipu inayoitwa EC, ambayo pia husimamia kibodi, feni na kitufe cha kuwashia. Wa nne ni betri, na wengi husahau kwamba nayo ina akili: pamoja na seli, ndani yake mna bodi ndogo inayopima volti, joto na kiasi cha chaji kilichobaki. Utaratibu wa betri kujieleza hivyo ulibuniwa na kampuni za Duracell na Intel katikati ya miaka ya 1990, na mazungumzo yake hupita kwenye nyaya mbili za SMBus, moja ya data na nyingine ya kuhesabu mapigo. Betri husema inahitaji ampea ngapi na isivushwe volti ngapi. Seli ya kawaida ya lithiamu hujaa ikifika volti 4.2, kwa hiyo betri ya seli tatu zilizofuatana hukoma kwenye 12.6, na ya seli nne kwenye 16.8. Betri nyembamba za siku hizi zina seli zinazofika 4.35 au 4.4, ndiyo maana si salama kukisia. Soma lebo.

EC ndiyo mshenga. Inasikiliza betri inataka nini, inaangalia chaja ina uwezo gani, kisha inakwenda kwa aisii ya kuchaji na kuipa tarakimu mbili: kiwango cha volti na kiwango cha mkondo. Haitoshi kuzisema mara moja. Chukua aisii ya BQ24725A ya Texas Instruments, ambayo wewe ukifungua laptopu za muongo uliopita utakutana nayo au ndugu zake mara kwa mara. Hii, isipopokea agizo jipya ndani ya sekunde 175, kwa mpangilio wake wa kiwandani, inasimamisha kuchaji. Iko nzima kabisa, ila haikubali kuendelea kusukuma umeme ndani ya lithiamu wakati hakuna anayeisimamia. Ukiing'oa na kuweka mpya, mpya nayo itafanya vivyo hivyo.

Kabla ya kugusa skrubu hata moja, maliza wanaokataa bila kosa. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo au Luthuli zimetoka maofisini Ulaya na Marekani, ambako zilishinda mezani zimechomekwa kutwa nzima. Watu wa kompyuta wa ofisi hizo hupenda kuweka kikomo cha chaji, kwa mfano asilimia 60 au 80, ili betri isizeeke haraka kwa kukaa imejaa. Lenovo wana mpangilio huo katika programu yao ya Vantage, ASUS katika MyASUS, na Dell wameuweka ndani ya BIOS. Kikomo kikishahifadhiwa kwenye EC au BIOS, kuweka Windows upya hakukifuti. Laptopu iliyoganda kwenye 80 kila siku haina ugonjwa wowote, na fundi aliyemtoza mteja pesa ya aisii kwa ajili hiyo amemwibia, hata kama hakujua.

Joto nalo. Betri nyingi hukataa kuchajiwa seli zikipita nyuzi 45 hivi za Selisiasi, na vilevile zikiwa chini ya sifuri, jambo ambalo Dar es Salaam halitusumbui. Mashine iliyoachwa kwenye gari lililoegeshwa juani, au iliyotumika juu ya godoro, iache ipoe kwanza. Kisha toa ripoti ya betri: kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport. Itakuonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Betri ya miliwati-saa 48,000 iliyobaki na 9,000 haihitaji fundi wa bodi, inahitaji mwenzake mpya.

Na unapokwenda kununua huyo mwenzake, kumbuka kwamba ThinkPad tangu kizazi cha X230 na T430, cha mwaka 2012, hukagua kama betri inatambulika na kiwanda. Isipotambulika, mashine inawaka, inatoa ujumbe mwanzoni, na haichaji. Nimeona bodi za namna hiyo zimepigwa moto wa blowa bila hatia.

Chaja ya Dell inastahili aya yake. Plagi yake ya duara ina sindano nyembamba katikati, na sindano hiyo haibebi nguvu. Inaunganisha bodi na chipu ndogo ya kumbukumbu iliyo ndani ya chaja, ambayo huieleza bodi kwamba hii ni chaja ya wati 65, au 90, au 130. Waya wa katikati ukikatika pale shingoni, ambapo kila chaja hukunjwa, volti 19.5 zinaendelea kufika salama na laptopu inawaka. Lakini EC haijui chaja ina nguvu kiasi gani, hivyo inachukua njia ya tahadhari: inapunguza kasi ya prosesa na kukataa kuchaji betri. Mteja atalalamika mambo mawili, kwamba haichaji na kwamba imekuwa nzito, na kwangu mimi malalamiko hayo mawili yakija pamoja kwenye Dell ni nusu ya jibu. Ingia BIOS uangalie aina ya chaja. Ikisomeka kwamba haijulikani, jaribu chaja nyingine ya Dell, kisha kagua pini ya katikati ya tundu na njia yake kwenye bodi. Plagi za HP zenye sindano nazo zina tabia inayofanana.

Hapa pana mtego wa mafundi. Wengi wetu hulisha bodi kwa pawasaplai ya mezani, ili tuone inavuta ampea ngapi. Pawasaplai haina chipu ya kujitambulisha. Bodi ya Dell ukiilisha hivyo itakataa kuchaji hata kama ni nzima kama ilivyotoka kiwandani, na wewe utashinda siku nzima ukitafuta ubovu ulioutengeneza mwenyewe.

Sasa fungua. Kitu cha kwanza kuchomoa ni kiunganishi cha betri, na betri iliyovimba haichajiwi wala kubonyezwa, inatolewa na kuwekwa kando. Kabla ya kupima pini yoyote, yasikilize yale ambayo mashine imekwisha kusema. Asilimia zinasomeka kwenye kioo? Basi data ya betri inafika kwa EC, na nyaya za SMBus hadi hapo ni hai. Betri yenye chaji, iliyojazwa kwenye mashine nyingine ya aina ileile, inaiwasha laptopu hii bila waya? Basi kiunganishi na fyuzi ya betri viko sawa. Laptopu inawaka kwa chaja peke yake? Kwenye bodi zinazofuata mchoro wa BQ24725A, hilo linamaanisha aisii imeiona chaja na kuikubali, kwa kuwa yenyewe ndiyo inayofungua mosfeti za mlangoni. Huitambua chaja kupitia pini ya ACDET, inayopokea sehemu ndogo ya volti 19.5 kwa njia ya rezista mbili na kudai isipungue 2.4. Rezista iliyo upande wa chaja ikiliwa na kutu na ukinzani wake kupanda, ACDET inashuka chini ya kiwango, na matokeo yake ni laptopu isiyowaka kabisa kwa chaja ila inawaka kwa betri. Huo ni ugonjwa mwingine. Usipoteze muda huko.

Betri isiyoonekana kabisa, yenye alama ya X, hukupeleka kwenye kiunganishi chake. Pini za pembeni ni chanya na hasi, mara nyingi mbilimbili au tatutatu ili zibebe mkondo. Za katikati ni data, mapigo, na moja au mbili za kuonyesha kwamba betri ipo au kupima joto. Bodi ikiwa na umeme, pini za data na mapigo husoma karibu volti 3.3. Moja ikisoma sifuri, kuna kinachoivuta chini, na mara nyingi si EC bali ni daiodi ndogo ya kinga iliyo karibu na kiunganishi, au kutu ya chai. Zima, weka mita kwenye hali ya daiodi, linganisha pini hizo mbili: zinapaswa kusoma karibu sawa. Tofauti kubwa ndiyo inayokuonyesha upande wa kufuata. Soda na chai ya maziwa hupenda mahali hapa kwa sababu umeme wa betri haulali. Laptopu imezimwa lakini kutu inaendelea kula kati ya pini ya volti 12 na jirani zake. Brashi laini na spiriti ya asilimia 99 zimeokoa bodi nyingi kuliko blowa.

Kuna pia betri iliyokaa kabatini mwaka mzima. Seli zikishuka sana, bodi yake ndogo hufunga milango, na kiunganishi kinasoma sifuri au volti chache. Aisii ya kuchaji inaweza kuiamsha kwa mkondo mdogo; ipe dakika kadhaa. Kuiamsha kwa nguvu, kwa kuunga seli moja kwa moja na pawasaplai, ni ushujaa nisioupenda. Seli ya lithiamu iliyoshuka kupita kiasi huyeyusha shaba iliyo ndani yake, na shaba hiyo ikiganda pasipo pake inaweza kupiga shoti siku ambayo fundi hayupo na mtoto amelala jirani na mashine.

Ikiwa asilimia zinasomeka, betri inawasha mashine, na bado haichaji, ndipo tunafika kwa aisii. Tafuta rezista kubwa bapa iliyo kati ya koili ya kuchaji na betri. Ina miliomu 10, kwa hiyo kila ampea ikipita inaacha milivolti 10 kati ya ncha zake. Weka mita kwenye milivolti, chomeka betri iliyopungua, usome. Ishirini ni ampea mbili. Sifuri ina maana hakuna mkondo kabisa. Pima pini ya REGN, ambayo inapaswa kuwa na volti 6 hivi, maana ndiyo inayosukuma mageti ya mosfeti mbili za kuchaji. Isipokuwepo, shuku kapasita yake au mosfeti yenye geti linalovuja. Pima pini ya ILIM, ambayo ikivutwa karibu na sifuri inafunga kuchaji, na kwenye bodi nyingine EC huitumia kufanya hivyo makusudi. Hakikisha data na mapigo vinafika kwenye pini za aisii yenyewe, kwani tawi lake linaweza kukatika wakati lile la betri ni zima. Halafu pima rezista ndogo zinazopeleka usomaji wa ile miliomu 10 ndani ya aisii. Moja ikifunguka, aisii inaona mkondo wa uongo na kujifunga.

Kwenye laptopu za USB-C, mengi ya haya hutanguliwa na swali moja: mlango unapokea volti ngapi? Kipimo kidogo cha USB kikisoma 5 na kubaki hapo, chaja na laptopu hazijakubaliana kupanda hadi 20. Badilisha kebo kwanza. Kisha safisha mlango, kagua pini za CC, na mwisho kabisa ndiyo chipu inayosimamia makubaliano hayo.

Baada ya yote hayo, wakati mwingine aisii imekufa kweli: maagizo yanafika, REGN haipo na njia yake haina shoti, au aisii inachoma kidole bila betri kuwepo. Hapo iondoe. Ina pini 20 na pedi ya chini, vyote ndani ya mraba wa milimita 3.5 tu, kwa hiyo weka fluksi ya kutosha na pasha bodi kwa chini ili isipinde. Pima mosfeti mbili jirani zake kabla ya kuweka mpya, maana mosfeti iliyopiga shoti itaiua tena mara tu utakapowasha. Ikianza kuchaji, usimpigie mteja simu bado. Acha betri ijae huku mita ikiwa kwenye ile rezista: mkondo unapaswa kusimama palepale kwa muda mrefu, kisha, volti zikifika kikomo cha lebo, uanze kupungua wenyewe polepole hadi karibu na sifuri. Volti zikivuka lebo, au mkondo ukigoma kushuka, chomoa betri na urudi kwenye zile rezista za usomaji.