Njia ya baiskeli isiishie kwenye lango la Karura

Wikendi asubuhi, magari hufika kwenye malango ya Msitu wa Karura yakiwa na baiskeli zilizofungwa juu ya paa au nyuma ya buti. Wenyewe huzishusha, hujaza magurudumu upepo, hulipa ada na kuzama msituni. Asiye na baiskeli hukodisha papo hapo. Ni raha halali, nami naitetea kwa moyo wote. Kinachonisikitisha ni kwamba ili mkazi wa Nairobi aendeshe baiskeli bila hofu, imembidi kwanza aisafirishe kwa gari.

Karura yenyewe haikupatikana bure. Katika miaka ya 1990 vipande vya msitu huo vilikuwa vimegawiwa wastawishaji wa kibinafsi, na Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti. Kwa muda mrefu watu waliuogopa kwa sababu ya majambazi. Baadaye Shirika la Huduma za Misitu likashirikiana na Marafiki wa Msitu wa Karura, ua wa umeme ukajengwa, na mwaka 2011 umma ukakaribishwa rasmi. Leo, ndani ya zaidi ya hekta 1,000 zilizozungukwa na jiji, watoto hujifunza kuendesha baiskeli kwenye njia za udongo mwekundu huku wazazi wakitembea nyuma yao bila wasiwasi.

Jambo dogo lililofanywa vizuri humo ni nambari kwenye njia panda. Mgeni hutazama kigingi, akajua alipo, akachagua anakoelekea. Ubelgiji imejenga utalii mzima juu ya wazo la namna hiyo. Katika jimbo la Limburg, ambako migodi ya makaa ya mawe ilikuwa imefungwa, mhandisi wa zamani wa migodi, Hugo Bollen, alibuni mtandao wa njia za baiskeli wenye makutano yaliyopewa nambari. Ulizinduliwa mwaka 1995, na mfumo huo ukaenea hadi Uholanzi na Ujerumani. Thamani yake iko katika kuunganika: ukifika kwenye nambari moja, lazima kuwe na njia ya kukupeleka kwenye nyingine.

Hapo ndipo Nairobi inaposhindwa. UN Avenue kule Gigiri, jirani kabisa na msitu, ilitengenezewa njia za miguu na baiskeli kama barabara ya mfano. Barabara Kuu ya Thika, iliyozinduliwa 2012, nayo ilipewa njia za baiskeli pembeni. Lakini jaribu kuifuata mojawapo asubuhi ya siku ya kazi. Bodaboda wanakukabili kutoka mbele, gari limeegeshwa juu yake, kifuniko cha mtaro kimeibwa, kisha njia inakatika ghafla na kukumwaga katikati ya matatu. Siwalaumu sana wachuuzi wanaopanga bidhaa zao juu yake. Biashara hufuata miguu ya watu, na aliyechora barabara hakuwatengea pa kukaa. Namlaumu mchoraji aliyeona njia ya baiskeli kuwa nafasi iliyobaki.

Anayeumia zaidi si yule wa Karura mwenye kofia ngumu na glavu. Ni fundi wa mjengo anayetoka nyumbani alfajiri kwa baiskeli nzito ya chuma ili asitumie nauli, na muuza mikate aliyefunga kreti kwenye keria. Hawa hawana paa la gari la kupakia baiskeli zao. Sera ya kaunti ya mwaka 2015 kuhusu usafiri usiotumia injini iliwatambua, hata ikapendekeza sehemu ya bajeti ya barabara itengwe kwa ajili yao na watembea kwa miguu. Maandishi ni mazuri, ila mtu hawezi kuyapitia kwa baiskeli.

Naomba kaunti na mamlaka za barabara zianze na kipande kimoja. Barabara ya Kiambu inatoka kwenye Barabara ya Thika pale Muthaiga na kupita kwenye lango la Karura, mwendo wa kilomita chache tu. Wajenge hapo njia iliyotengwa kwa ukingo wa saruji, yenye vizuizi ambavyo pikipiki haipiti, taa za usiku, na vivuko vinavyompa mwendesha baiskeli zamu yake. Waajiri watu wa kuifagia na kuikarabati kila wiki, kisha waweke nambari ya kwanza Muthaiga, na inayofuata langoni.