Maili Moja ya Ghor

Kuna takwimu moja kutoka mkoa wa Ghor, Afghanistan, iliyoniingia kichwani ikagoma kutoka. Watafiti wawili kutoka vyuo vikuu vya Marekani, Dana Burde na Leigh Linden, walianza mwaka 2007 kufuatilia watoto 1,490 katika vijiji 31. Walibaini kwamba shule ikiwa mbali zaidi kwa maili moja tu, uandikishaji hushuka kwa pointi 16 za asilimia, na wasichana ndio hushuka zaidi.

Maili moja! Kwetu mtoto hutumwa dukani umbali huo, akarudi na chumvi na chenji. Lakini mweke binti wa miaka minane kwenye njia ya mlimani, theluji imetanda, na mzazi hajui nani mwenye bunduki atakayekutana naye njiani. Kaka yake ataruhusiwa kwenda. Yeye ataambiwa asubiri mwakani, na mwakani atakuwa ameanza kuitwa mkubwa, hafai kuonekana barabarani.

Dawa waliyoipima watafiti hao ni rahisi mpaka inatia aibu. Hakuna jengo lililosimamishwa wala utepe uliokatwa. Mwanakijiji alitoa chumba, au darasa likawekwa msikitini, mtu wa hapo hapo aliyesoma akapewa mafunzo ya ualimu, vitabu vikaletwa. Uandikishaji ukapanda pointi 42, na pengo la pointi 21 kati ya wavulana na wasichana likakaribia kufutika.

Sakena Yacoobi alikuwa akiyafanya hayo kabla ya watafiti kufika. Mama huyu mzaliwa wa Herat alisoma Marekani, akaenda Pakistan kuwatumikia wakimbizi wa Afghanistan, na mwaka 1995 akaanzisha Afghan Institute of Learning. Taliban walipowafungia wasichana shule katika utawala wao wa kwanza, taasisi yake iliendesha madarasa 80 ya siri majumbani, yakiwa na wasichana 3,000.

Msikilize anavyosimulia. Kwake, shule haipelekwi kijijini. Kijiji ndicho huiomba, nacho kikachangia. Shule ya namna hiyo watu huilinda kwa kuwa ni mali yao. Husimulia pia siku vijana wenye bunduki walipoziba njia ya gari lake kaskazini mwa Kabul. Aliamini amefika mwisho. Kumbe walikuwa na dai: unawafundisha wanawake, na sisi je, tusiojua lolote ila bunduki? Akahangaika kutafuta fedha, akawasomesha. Mwingine angeishia kubadilisha njia.

Hata hivyo sebule ya jirani haimalizi kila kitu. Mfadhili akiondoka, nani atamlipa mwalimu? Na binti aliyemaliza darasa la sita kwenye chumba hicho aende wapi?

Swali hilo la mwisho Taliban wamelijibu kwa ukatili. Waliporudi madarakani mwaka 2021 waliwafungulia wavulana tu shule za sekondari. Tarehe 23 Machi 2022 wasichana waliitwa warudi, wakafika na mabegi yao, wakarudishwa nyumbani asubuhi ile ile. Desemba mwaka huo vyuo vikuu navyo vikafungwa kwao. Afghanistan ndiyo nchi pekee duniani inayomkataza msichana, kwa amri ya serikali, kuvuka darasa la sita.