Wanyama wa Usiku, Wawindaji wa Mchana

Jua likisha kutua katika nchi ya Kalahari, iliyotandaa Botswana, mashariki ya Namibia na kaskazini ya Afrika Kusini, huamka umma mwingine wa wanyama ambao msafiri wa mchana aweza kukaa siku nyingi asiuone: muhanga achimbuaye mchwa kwa kucha zake, nungu aliyejihami kwa miiba, nyegere asiyejua hofu, na kamendegere arukaye kwa miguu miwili ya nyuma. Sababu ya wao kuchagua giza ni dhahiri, kwani mchanga wa nchi ile huunguza mchana, maji ni adimu, na mnyama ajifichaye chini ya ardhi mpaka magharibi huhifadhi unyevu wa mwili wake, akaepukana na macho ya tai.

Mgeni asikiapo habari za kuwawinda wanyama hao, aghalabu hudhani kwamba sharti la kwanza ni taa. Dhana hiyo ina asili yake, maana nyuma ya mboni za wengi wao mna utando urudishao nuru, na ndiyo sababu macho yao huwaka yakimulikwa, na mnyama akapumbaa akisimama mbele ya bunduki. Wafugaji wa kondoo wa Karoo, huko Afrika Kusini, hutumia taa dhidi ya bweha na simbamangu walao mifugo yao; ama nchini Namibia, mgeni aliyelipa ili apate nyara haruhusiwi kuwinda usiku. Sheria hiyo ina hekima ndani yake, kwa kuwa mpiga risasi gizani hajui ni kitu gani kilicho nyuma ya macho yale, na mnyama aliyejeruhiwa usiku ni taabu kumfuatia.

Lakini Wasan, wenyeji wa kale wa Kalahari, walipata njia yao tangu hapo, nayo ni kumwendea mnyama wa usiku mchana, nyumbani kwake, akiwa amelala. Mawindo yao yaliyo mashuhuri kwa namna hii ni ya kamendegere, ambaye hata katika mbuga za Kenya na Tanzania anaye nduguye wa karibu. Ni mnyama wa kilo 3 hivi, mwenye mkia mrefu kama kiwiliwili chake, naye huishi katika mashimo ya mchanga yenye milango kadhaa. Asubuhi wawindaji hupita wakitazama nyayo: ipi ni ya usiku wa jana na ipi imekwisha pigwa na upepo, ipi inatoka na ipi inarudi. Na kwa vile kamendegere ana tabia ya kuziba mlango kwa mchanga akisha kuingia, kule kujifungia kwake ndiko kunakomtoa siri, kwani mlango uliozibwa upya huwa na mwenyewe ndani.

Hapo hutolewa chombo chao, ambacho ni fito nyembamba zilizounganishwa kwa kano hata zikatimu kama mita 4, na ncha yake ina kulabu ya pembe ya dondoro, au siku hizi ya chuma. Ufito huo husukumwa shimoni taratibu, ukipinda kila shimo lipindapo, na mwindaji asiyeona kitu hutegemea viganja vyake kumwambia kama amegusa mzizi, ukuta au manyoya. Akisha kumnasa mnyama hamvuti, maana ngozi ingeweza kuchanika. Humshikilia pale pale, na mwenzake hupima kwa fikira mahali alipo, akachimba kutoka juu mpaka amfikie. Kazi ya nungu na muhanga ni ya hatari zaidi, kwani wapo waingiao pangoni kwa tumbo na mkuki mkononi, mahali ambapo hapana wasaa wa kugeuka.

Maarifa hayo hayakufa. Mwaka 1998 watu wa Ju/'hoansi, ambao ni Wasan wa Nyae Nyae, kaskazini-mashariki ya Namibia, waliandikisha hifadhi ya kwanza ya jamii nchini humo, na humo wangali na ruhusa ya kuwinda kwa upinde na mshale kama wazee wao. Na mwaka 2013 wataalamu wa mambo ya kale waliwaalika Wasan watatu kutoka nchi hiyo mpaka Ufaransa, ili wasome nyayo za binadamu zilizoachwa katika udongo wa mapangoni zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Katika pango moja, ambamo alama za visigino zilidhaniwa kuwa ni za ngoma ya ibada, wao waliona mtu mzima na kijana waliokuwa wakichukua udongo.

Aliyezoea kutambua kwa chembe za mchanga ni nani aliyepita usiku, na saa ngapi, na kwa haja gani, hakushindwa na nyayo za watu wa kale. Na wataalamu waliomwita walikiri kwa mwaliko wao kwamba uwindaji huu ni elimu, yenye walimu wake na mtihani wake wa kila asubuhi.