Je, Wajua? Moto Ukizuka Kibera au Kawangware, Bima Humlipa Nani

Wengi wa Kibera na Kawangware huamini kwamba bima ya nyumba ni ya watu wa Karen na Lavington. Si kweli kabisa, wala si uongo kabisa. Soma haya kabla hujampa ajenti hata shilingi moja.

NYUMBA NI YA NANI?

Je, wajua kwamba utafiti uliofanywa mwaka wa 2004 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi ulikuta asilimia 92 ya kaya ni za wapangaji? Mpangaji hawezi kukatia bima kuta za mwenzake. Anachokatia ni vilivyomo ndani: kitanda, godoro, mtungi wa gesi, televisheni, nguo na vyombo. Ajenti akianza kukueleza gharama ya kujenga upya nyumba unayopanga, mwambie aende kwa landilodi.

Je, wajua kwamba bima ya landilodi haikulipi wewe hata kijiko? Ikiwa ploti yake ina bima, malipo yanafuata jengo lake, na pengine kodi anayoikosa wakati vyumba vinajengwa upya. Sufuria zako hazimo kwenye hesabu hiyo.

Je, wajua kwamba Kibera na Kawangware hazifanani mbele ya kampuni ya bima? Sehemu kubwa ya Kibera ni ardhi ya umma, na wenye nyumba wengi walijenga kwa ruhusa ya chifu, bila hati. Kawangware iko Dagoretti, ambako familia nyingi zina hati miliki za mashamba ya mababu zao. Kwa hiyo landilodi wa Gatina mwenye jengo la mawe na hati mkononi husikilizwa haraka kuliko mwenzake wa Gatwekera mwenye vyumba 20 vya mabati.

Je, wajua kwamba hata ndani ya Kibera mambo yamebadilika? Mwaka wa 2016 nyumba 822 za ghorofa zilikabidhiwa wakazi wa Soweto Mashariki. Mwaka wa 2017 jamii ya Wanubi ilipewa hati ya ekari 288. Aliye kwenye ghorofa ya zege anaweza kuomba bima ambayo jirani yake wa nyumba ya udongo atanyimwa.

UKUTA, MLANGO NA STIMA

Je, wajua kwamba swali la kwanza kwenye fomu nyingi ni kuta na paa vimejengwa kwa nini? Bima ya kawaida ya nyumbani huandikwa kwa kufikiria mawe, matofali au zege. Mabati na matope huhitaji kibali maalumu, na mara nyingi jibu huwa hapana. Ukidanganya kwamba ni mawe, utapewa mkataba bila shida. Siku ya moto, mkaguzi wa hasara atakuta majivu ya mbao, na dai lako litakwamia hapo.

Je, wajua kwamba stima ya kuunganishiwa na kijana wa mtaa inaweza kukukosesha fidia? Nyaya zisizo za Kenya Power ni miongoni mwa vyanzo vinavyotajwa sana moto unapozuka mabandani. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli: usipotaja hatari unayoijua, kampuni ina sababu ya kukataa kulipa.

Je, wajua kwamba kwenye mikataba mingi wizi hauhesabiwi wizi mpaka pawe na dalili ya kuvunja? Kufuli iliyokatwa au mlango uliong'olewa ni ushahidi. Mgeni akiondoka na simu yako ukiwa bafuni, au ukiacha mlango wazi ukaenda kuchota maji, huenda usipate kitu.

Je, wajua kwamba kwenda mashambani Desemba nzima kunaweza kusimamisha ulinzi wa wizi? Mikataba mingi huweka kikomo cha siku ambazo nyumba inaweza kukaa bila mtu, na 30 ni kikomo cha kawaida. Kama utakaa zaidi, iarifu kampuni kwa maandishi kabla hujapanda basi.

KILICHOMO NA KISICHOMO

Je, wajua kwamba kifurushi cha bima ya nyumbani nchini Kenya kina vyumba vyake ndani? Kwa kawaida vipo sita: jengo, vilivyomo ndani, vitu vya kubeba, wafanyakazi wa nyumbani, dhima ya mwenye nyumba, na dhima ya anayeishi humo. Si lazima ununue vyote. Mpangaji huchukua vilivyomo ndani, akaongeza vitu vya kubeba ikiwa ana kompyuta au simu ya bei, na akafikiria dhima ya anayeishi humo ikiwa jiko lake linaweza kumuunguzia jirani.

Je, wajua kwamba simu inayoibwa kwenye matatu ya 46 haimo kwenye "vilivyomo ndani"? Sehemu hiyo hulinda vitu vikiwa nyumbani. Simu huingia kwenye vitu vya kubeba, na kwa kuwa huibwa sana, kiwango chake cha malipo huwa juu zaidi.

Je, wajua kwamba bidhaa za biashara haziingii kwenye bima ya nyumbani hata zikilala chini ya kitanda chako? Kibera na Kawangware zimejaa vyumba vinavyokuwa makazi usiku na karakana mchana. Marobota ya mitumba, friji ya maziwa ya kuuza na cherehani za kushonea wateja zinahitaji bima ya biashara. Hapa ndipo wengi hulia: wamelipia bima mwaka mzima, kumbe mali kubwa zaidi chumbani haikuwa ndani.

Je, wajua kwamba pesa taslimu ama hazilindwi kabisa ama hulindwa kwa kiasi kidogo sana? Za chini ya godoro zikiungua, zimeungua.

Je, wajua kwamba vurugu za kisiasa hutengwa kwenye mikataba mingi? Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Soko la Toi lililo kando ya Kibera liliteketezwa, na wafanyabiashara wengi nchini waligundua kwamba bima ya moto waliyokuwa nayo haikugusa moto wa ghasia. Oktoba 2017 ikawa zamu ya Kawangware, vibanda vikachomwa katika fujo za uchaguzi wa marudio. Ulinzi wa ghasia na ugaidi huuzwa kando. Uulize kabla ya mwaka wa uchaguzi.

Je, wajua kwamba tingatinga la serikali halina bima? Julai 2018 maelfu ya watu walibomolewa nyumba Kibera ili kupisha barabara inayounganisha Ngong Road na Lang'ata. Mikataba ya bima huondoa hasara inayotokana na amri ya serikali. Hapo haki yako hutafutwa kwa wakili na mahakamani.

Je, wajua kwamba kuishi kando ya mto hubadilisha mkataba? Mto Ngong hupita ukingoni mwa Kibera ukielekea Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka wa 1953. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalisomba nyumba nyingi za kando ya mito jijini, kisha serikali ikabomoa nyingine. Mkataba unaweza kusema unalinda mafuriko kwenye ukurasa wa kwanza, ukaondoa nyumba za kingo za mito kwenye ukurasa wa tano. Soma mpaka wa tano.

HESABU ZA SHILINGI

Je, wajua kwamba kukadiria mali yako chini hukupunja mara mbili? Tuseme mali yako ni ya shilingi 200,000, nawe umeandika 100,000 ili ulipie kidogo. Moto ukila vya 60,000, kampuni inayotumia kanuni ya wastani itakulipa 30,000, kwa sababu ulikata bima ya nusu.

Je, wajua kwamba kuna sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe kila unapodai? Ikiwa ni shilingi 5,000 na hasara ni 18,000, unapata 13,000. Hasara ikiwa ya 4,000, hakuna dai. Kwa mwenye mali kidogo, kiasi hiki kina uzito kuliko bei ya bima yenyewe.

Je, wajua kwamba kiwango cha asilimia kinaweza kukudanganya? Vilivyomo ndani mara nyingi hulipiwa karibu asilimia 1 ya thamani kwa mwaka. Kwa mali ya 100,000 hiyo ni shilingi 1,000 tu, ila kampuni nyingi zina kima cha chini kilicho juu ya hapo. Usiulize asilimia. Uliza: "Nitalipa shilingi ngapi kwa jumla?"

Je, wajua kwamba sheria ya Kenya hairuhusu bima kwa mkopo? Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima kinakataza kampuni kubeba hatari kabla haijapokea malipo. Ajenti akikwambia "utalipa mwisho wa mwezi, ushaingia," hujaingia.

Je, wajua kwamba kuwa na bima mbili za televisheni moja hakukupi televisheni mbili? Bima hurudisha ulichopoteza, basi. Kampuni hizo zitagawana hasara moja.

CHAMA AU BIMA?

Je, wajua kwamba chama kina udhaifu mmoja ambao bima haina? Chama huokoa vizuri pale mwanachama mmoja anapofiwa au kuugua. Moto wa mabandani hauchagui mlango mmoja. Ukianzia kwa jirani Laini Saba, unaweza kumchoma mweka hazina, katibu na mwenyekiti usiku huohuo. Nani atamchangia nani? Kampuni ya bima hukusanya kwa watu wa Mombasa, Kisumu na Eldoret, ambao nyumba zao haziwezi kuungua usiku mmoja.

Je, wajua kwamba chama hichohicho kinaweza kuwa mlango wa bima? Kenya ilitunga kanuni za bima ndogo mwaka wa 2020 ili kuwafikia watu wa kipato cha chini. Kundi la watu 50 lina nguvu ya kujadili bei, jambo ambalo mpangaji mmoja hawezi.

Je, wajua kwamba dada wa Kawangware anaweza kuwa kwenye bima ya nyumba asiyoishi? Asubuhi wanawake wengi wa Kawangware huvuka kwenda Lavington na Kileleshwa kufua na kupika. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake, na kwa ulemavu wa kudumu usiomwacha mtu kufanya kazi tena fidia yake ni mapato ya miezi 96. Muulize mwajiri wako kama amelipia sehemu ya wafanyakazi wa nyumbani.

SIKU YA KUDAI

Je, wajua kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na kampuni ya bima ndiyo ya kwanza kuuliza daftari? Weka risiti. Kama ulilipa kwa M-Pesa, taarifa ya malipo ni ushahidi. Piga kila kitu picha na umtumie picha hizo ndugu aliye mtaa mwingine, maana risiti huungua pamoja na kabati. Bonyeza *#06# kwenye simu, uandike nambari itakayotokea.

Je, wajua kwamba baada ya kupiga 999 au 112 na kuokoa watu, hatua ya pili ni kituo cha polisi? Chukua nambari ya OB na abstrakti, kisha uiarifu kampuni mara moja. Usifagie majivu kabla mkaguzi hajafika, au angalau uyapige picha.

Je, wajua kwamba kampuni ina siku 90 za kulipa dai? Ndivyo kinavyosema kifungu cha 203 cha Sheria ya Bima. Ukizungushwa, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, iliyo jumba la Zep-Re Place, Barabara ya Longonot, Upper Hill. Huhitaji wakili kuandika barua hiyo.

Je, wajua kwamba kampuni za bima nazo huanguka? Shirika la serikali la Kenya National Assurance lilianguka mwaka wa 1996, Blue Shield ikawekwa chini ya usimamizi mwaka wa 2011, na Resolution mwaka wa 2022. Ipo Hazina ya Fidia kwa Wenye Bima, na kila mteja huichangia asilimia 0.25 ya malipo yake. Lakini fidia yake ina kikomo, kwa hiyo tazama kwanza orodha ya Mamlaka ya kampuni na maajenti wenye leseni ya mwaka huu, kisha ulipe kwa nambari ya kampuni, si kwa simu ya ajenti.

Je, wajua kwamba bima ya moto yenyewe ilitokana na majivu? Jiji la London liliungua mwaka wa 1666, na miaka ya 1680 Nicholas Barbon akaanza kuuza bima ya nyumba huko. Leo nchini Kenya, malipo yote ya bima kwa mwaka hayafikii asilimia 3 ya pato la taifa.

Kwa ufupi, kama mali yako yote ni godoro na sufuria, akiba na chama vitakufaa kuliko mkataba wenye kima cha chini kikubwa. Kama una friji, cherehani au kompyuta, na mlango unaofungika, bima inafaa kuulizwa bei. Usitie sahihi kabla hujajibiwa kwa maandishi maswali manne: mnakubali kuta za aina gani, nitabeba hasara kiasi gani, ghasia na mafuriko yamo, na vifaa vyangu vya kazi vimo? Ajenti asiyeweza kujibu hayo, mwache aende zake.