Anayekaa dawati la nyuma

Mtoto wa darasa la tatu amepewa hesabu: 52 kutoa 38. Anaandika 26. Mwalimu anaweka kosa kwa kalamu nyekundu, anaandika jibu sahihi, 14, kisha anavuta daftari jingine, maana rundo bado ni refu. Hesabu iliyofuata kwenye daftari lile ilikuwa 71 kutoa 45, na mtoto aliandika 34. Nayo ikapata kosa.

Ukizitazama hesabu hizo mbili kwa pamoja utaona kwamba mtoto huyu habahatishi. Ana kanuni yake, na anaifuata kwa uaminifu mkubwa: katika kila safu, toa tarakimu ndogo kwenye kubwa. Nane haitoki kwenye mbili, basi mbili itoke kwenye nane. Hata ukimpa hesabu nyingine hamsini za aina hiyo, atazikosa zote kwa njia ile ile, na jioni ataamini kwamba hisabati si yake.

Mwalimu wake si mvivu. Ana watoto tisini na kipindi cha dakika 40. Anachokosa ni mtu wa pili darasani, anayeijua hisabati na anayejua watoto wanavyopotea ndani yake, ambaye ana nafasi ya kukaa dawati la nyuma na kutazama. Mtu huyo ndiye mwalimu mlezi wa hisabati, au kocha, kama wengine wanavyomwita. Ninaamini hakuna fedha ya elimu inayoweza kutumika vizuri zaidi ya ile itakayomfikisha mtu huyo shuleni.

Kazi yake haina mbwembwe. Kabla ya kipindi anakaa na mwalimu, wanapitia andalio la somo na kukisia watoto watakwama wapi. Wakati wa kipindi hanyang'anyi chaki. Anapita kati ya madawati, anasoma madaftari, anamwomba mtoto mmoja amweleze alivyofikia jibu lake. Baada ya kipindi anaweka madaftari matatu mezani na kuuliza, "Mwalimu, huyu unadhani alikuwa anafikiri nini?" Swali hilo lina kazi kubwa kuliko hotuba yoyote. Mwalimu akishaiona kanuni ya mtoto kwa macho yake mwenyewe, hahitaji kuambiwa kwamba kesho vijiti vifungwe makumi makumi. Watoto wenyewe wataona kwamba 52 ni mafungu matano na vijiti viwili, kwamba ukifungua fungu moja unapata vijiti 12, na hapo nane inatoka bila shida.

Halafu mlezi anarudi. Wiki mbili au tatu baadaye yuko tena darasani kuona kilichobadilika. Semina haiwezi kufanya hivyo. Semina inakusanya walimu ukumbini, inawapa daftari na posho, inawaaga. Mwalimu anaporudi kwenye darasa lake na lile wazo jipya likamshinda siku ya kwanza, hana wa kumuuliza, na anarudia alichokizoea.

Sehemu ndizo zinazohitaji ulezi huu kuliko mada nyingine. Mtoto anajumlisha nusu na theluthi, anapata mbili ya tano, kwa kuwa amejumlisha kiasi na kiasi, asili na asili. Anasema 0.35 ni kubwa kuliko 0.4 kwa sababu 35 inaizidi 4. Kwenye kugawanya sehemu, walimu wengi nao walipewa amri tupu walipokuwa wanafunzi: geuza, kisha zidisha. Kwa nini tugeuze, hawakuambiwa. Mlezi mzuri anaweza kukaa na mwalimu na kumuuliza, bila kumwaibisha, lita tatu za mafuta zitajaza chupa ngapi za nusu lita. Chupa sita. Tatu ukigawanya kwa nusu ni sita, na sasa amri ina sababu. Mtu mzima hawezi kukiri pengo kama hilo mbele ya mkaguzi. Kwa mwenzake aliyemzoea, atakiri.

Ndiyo maana ulezi na ukaguzi havikai kwenye kiti kimoja. Wathibiti ubora wa shule wana kazi yao halali ya kupima na kutoa taarifa. Lakini mwalimu akijua kwamba aliyekaa nyuma ataandika alama kwenye jalada lake, atafundisha somo la maonyesho, lile alilolirudia mara tatu na darasa zima linajua majibu. Makosa yatafichwa, na mlezi atakuwa amefuata nini?

Ushahidi upo. Mwaka 2018 Matthew Kraft na wenzake nchini Marekani walichapisha uchambuzi wa tafiti 60 kuhusu ulezi wa walimu darasani, wakaona kwamba unaboresha ufundishaji na pia matokeo ya wanafunzi. Waliona vilevile kwamba programu zikipanuliwa na kufikia walimu wengi, faida hupungua. Huko Afrika Kusini, katika jimbo la North West, watafiti walilinganisha shule 50 ambazo walimu wake walipewa mafunzo ya pamoja na nyingine 50 ambazo walimu wake walitembelewa darasani na walezi. Faida waliyoipata watoto wa kundi la pili ilikuwa takriban mara mbili ya ile ya wenzao. Utafiti huo ulihusu kusoma, si hesabu, na tafiti nyingi za ulezi ziko hivyo. Sioni sababu ya hisabati kusubiri, hasa hapa kwetu Tanzania, ambako kwa miaka mingi katika kila watahiniwa watano wa kidato cha nne ni mmoja hivi tu aliyefaulu somo hilo.

Tumeshaanza. Kupitia mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, walimu wanakutana kwenye jumuiya za kujifunza shuleni mwao. Kata zina maafisa elimu, ambao mwaka 2018 serikali iliwapa pikipiki karibu 2,900 ili wafike shuleni. Lakini afisa huyo huyo anafuatilia utoro, chakula cha wanafunzi, madawati, ujenzi wa madarasa na takwimu za kila mwezi. Tena huenda kitaaluma yeye ni mwalimu wa historia. Kumtaka awe pia mlezi wa hisabati ni kumwonea.

Baraza la Mitihani nalo hutoa uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, unaoonyesha makosa yenyewe. Ningependa kuona kurasa hizo zikisomwa kwenye jumuiya za kujifunza, mwalimu mmoja akisema, "Hili hata darasani kwangu lipo."

Kila kata ina angalau mwalimu mmoja ambaye wenzake humkimbilia hesabu zinapowashinda. Huyo apunguziwe vipindi, apate siku mbili za wiki za kutembelea wenzake. Kata yenye shule sita, kwa shule moja kila siku ya ziara, atazimaliza kwa wiki tatu na kuanza upya. Nauli yake ilipwe kwa kila darasa alilolifikia, kama Kenya ilivyofanya kwa maafisa wake kwenye mradi wa kusoma wa Tusome, ulioanza mwaka 2015. Na daftari analoandikia aliyoyaona libaki kati yake na mwalimu husika, lisiombwe na mkuu wa shule wala halmashauri.