Kinachozama na Kinachoelea Katika Ziwa Victoria

Katika mwalo wa Kirumba, mjini Mwanza, hushushwa magunia ya dagaa wakavu kutoka visiwani. Kaboni iliyomo katika dagaa hao ilikuwa hapo kwanza hewa tu. Mwani mdogo usioonekana kwa macho ukainasa, vidudu vya majini vikaula mwani, dagaa nao wakavila vidudu. Lakini mwani mwingi haufiki katika gunia lo lote. Hufa, hushikamana na mavi ya viumbe, ukaanza kuzama.

Kama maji yangetulia kabisa, hesabu ingekuwa nyepesi: chembe nzito hutangulia, nyepesi hufuata. Ila ziwa halitulii. Tangu Septemba hivi hadi Mei, jua huyapasha maji ya juu, nayo hukaa juu ya yale ya chini bila kuchanganyika nayo. Tofauti ya joto ni ndogo, kiasi cha digrii mbili. Lakini katika maji ya vuguvugu hata digrii moja hubadili uzito kuliko ambavyo ingebadili katika maji baridi ya Ulaya. Chembe huupenya mpaka huo. Oksijeni haiupenyi kwa urahisi. Bakteria wazilao chembe huko chini huimaliza oksijeni iliyopo. Kisha, Juni na Julai, kusi huvuma, maji ya juu hupoa, na mikondo hulikoroga ziwa hadi chini, penye kina cha mita 80 hivi, ikirudisha juu rutuba iliyokwisha kuzama.

Zamani mwani ulioenea ulikuwa diatomu wenye gamba la silika, madini yafanyayo kioo. Ni mzito, na bila mikondo ya kuuinua huzama upesi. Mbolea na taka zilipozidi ziwani, ulishindwa na mwani wa kijani-buluu, wenye vifuko vya hewa, ambao huelea na kusukumwa na upepo hadi katika ghuba.

J. F. Talling aliyapima maji hayo mwaka 1960 na 1961. R. E. Hecky na wenzake walipoyapima tena mwaka 1990 na 1991, walikuta maji yasiyo na oksijeni yameenea zaidi na kudumu muda mrefu zaidi. Maji hayo yakiinuliwa ghafula na dhoruba, samaki hukosa pumzi. Mwaka 1990 P. B. O. Ochumba alieleza vifo vya namna hiyo katika Ghuba ya Nyanza, Kenya, ambako mizoga ilielea kwa wingi.